Leza Haiiwezi Dodoma: Majibu kwa Washauri wa Sofa

Ukitaka kushona sofa Dodoma huku una watoto wadogo na paka ndani ya nyumba, ushauri utakaopewa unajulikana kabla hujafika kwa fundi. Weka leza, utakuwa unafuta tu. Chagua rangi ya giza. Chukua kitambaa kizito, na kikipatikana cha Kituruki ndiyo kabisa. Velveti usiiguse. Kama leza huitaki, shona makava ya kuvua. Nunua dawa ya kupulizia. Yakishindikana yote, mtoe paka. Wauza vitambaa wanayasema haya, mashemeji na majirani wanayarudia, na mafundi wengi wanayakubali kwa kuwa mwenye fedha ndiye mwenye kauli. Ninyi wasomaji mmeyasikia. Nawaomba sasa mkae kwenye kiti cha hakimu, kwa sababu karibu kila dai katika hayo lina kipande kidogo cha ukweli kilichobebeshwa mzigo mkubwa usio kweli.

Kwanza tukubaliane kesi inasikilizwa wapi. Dodoma iko juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua ya mwaka kwa wastani haifiki milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Maji ya mji kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na mgawo wa maji si jambo geni kwa mkazi wa hapa. Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia huku, familia nyingi zilipakia samani kwenye malori kutoka Dar es Salaam, na ushauri wa pwani ukaja nazo. Pwani adui wa sofa ni unyevu na ukungu. Hapa ni jua, vumbi na uhaba wa maji. Anayetoa ushauri bila kutaja hata mmoja kati ya hao watatu bado hajaanza kuizungumzia Dodoma.

Tuanze na leza, kwa kuwa ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko zote, na nitaieleza kwa haki yake. Wanasema uji ukimwagika, mtoto akikojoa, juisi ikidondoka, unachukua kitambaa chenye maji unapangusa na kazi imekwisha. Manyoya ya paka hayanasi. Viroboto hawana pa kujificha juu yake. Yote haya ni kweli kwa leza mpya, na kwa ule uso wake wa juu. Swali ni leza yenyewe ni nini na inafanya nini baada ya hapo. Ni kitambaa cha kawaida kilichopakwa tabaka la plastiki, ama PVC ama poliyurethani. PVC kwa asili yake ni ngumu kama bomba la maji. Kinacholainisha ile ya sofa ni kemikali zilizochanganywa ndani, na joto na jua huziondoa polepole. Zikiisha, plastiki inarudia ugumu wake na kupasuka, na inaanzia pale panapokunjwa kila siku: ukingo wa mbele wa kalio na sehemu ya juu ya mikono. Muuzaji anayelijua hilo atakwambia basi chukua ya poliyurethani. Nayo huvunjwa na jasho, mafuta ya ngozi na mwanga wa jua, kisha inabanduka magamba. Mtoto wa miaka mitatu akishaliona gamba la kwanza, la pili hulibandua mwenyewe, na la kumi pia. Kitambaa cha kufuma kikichanika, fundi anaweza kukirudishia nyuzi au kukibandika kiraka kwa ndani. Tabaka la leza likishabanduka hakuna ufundi wa kulirudisha.

Kuna jambo la pili kuhusu leza ambalo sijasikia muuzaji akilieleza, na liko wazi kwa yeyote anayeinama kuutazama mshono. Leza haipitishi maji, lakini imeshonwa kwa sindano, na kila tobo la sindano limebaki wazi. Mkojo ukimwagika katikati ya kalio, haubaki hapo ukisubiri kufutwa. Unatiririka kwenda kwenye bonde la mshono, unapita kwenye matobo na kuingia kwenye sponji. Kwenye kitambaa cha kufuma, unyevu ulioingia unaweza kutoka kwa hewa, na hewa kavu ya Dodoma inausaidia. Chini ya leza hauna pa kutokea. Fumua sofa ya leza iliyolea watoto wawili, uone sponji ilivyo ya njano na kahawia kufuata mstari wa mshono, wakati juu palikuwa pakifutwa kila siku na kung'aa. Kwa hiyo lile dai la kufuta tu linahusu kile kinachoonekana na wageni. Harufu imebaki ndani.

Ongeza kucha za paka. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana kikichomwa na ukucha, nyuzi zinaweza kusogea na kurudi. Leza ikichomwa hubaki na tobo, na tobo lililo kwenye plastiki iliyokauka ndilo mwanzo wa mpasuko. Hatimaye tazameni wanavyojipinga wenyewe. Mtu yuleyule anayesema utafuta tu, ukishalipa anakupa masharti: usiiweke panapofika jua, usitumie sabuni kali, tandika shuka ili isikushike mwilini wakati wa joto la Oktoba wala isikugandishe asubuhi za Julai. Kama shuka itatandikwa na kufuliwa kila wiki, ni kazi gani ambayo leza imekupunguzia? Na kama ni lazima ikae mbali na jua, kwa nini iuzwe Dodoma kwa sifa ya uimara?

Wapo wanaojibu kwamba tatizo ni ubandia, basi weka ngozi halisi. Ngozi nzima ya ng'ombe iliyotengenezwa vizuri huishi miaka mingi, sibishani na hilo. Lakini nayo hukauka kwenye hewa kavu na jua, inataka kupakwa mafuta yake mara kwa mara, na mkwaruzo wa paka juu yake haufutiki. Jihadharini zaidi na ile inayoitwa ngozi kwa kuwa ina unga wa mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa plastiki. Hiyo hubanduka kama leza.

Dai la rangi ya giza ni jepesi kulijibu. Wanasema nyeusi, bluu iliyoiva na kahawia ya kahawa huficha uchafu, na watoto ni wachafu. Inategemea uchafu gani. Doa la mafuta au la zabibu hufichika kwenye rangi ya giza, na katika mkoa ambao ndio kitovu cha zabibu za nchi hii, doa hilo si la kubuni. Lakini doa huja siku moja moja. Kinachokuja kila siku kuanzia Mei hadi Novemba ni vumbi, na vumbi letu ni la rangi ya udongo, jekundu hafifu au kijivu. Juu ya sofa nyeusi linaonekana kufikia saa nne asubuhi. Manyoya ya paka mweupe au wa kijivu nayo yanaonekana kutoka mlangoni. Kisha jua: rangi iliyoiva ikipauka upande mmoja, tofauti inaonekana wazi zaidi kuliko kwenye rangi ya kati. Kinachoficha kweli ni rangi ya kati iliyochanganya nyuzi za rangi mbili tatu ndani ya mfumo mmoja, iliyo karibu na rangi ya udongo wa uwanja wako. Na kabla ya kuuliza ni rangi gani, uliza iliingiaje. Kuna nyuzi za akriliki, poliesta na polipropilini ambazo rangi huchanganywa kwenye malighafi kabla uzi haujavutwa, kwa hiyo rangi inafika hadi kiini cha uzi. Hizo hustahimili jua kuliko kitambaa kilichofumwa kwanza kisha kikatumbukizwa kwenye rangi. Ndiyo sababu vitambaa vya miavuli na vya viti vya nje hutengenezwa hivyo.

Hapa wauzaji wana jibu moja wanalolipenda: dirisha lina kioo, jua halifiki. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale mikali zaidi ya urujuanimno, lakini huruhusu sehemu nyingine ya miale hiyo pamoja na karibu mwanga wote unaoonekana, na vyote viwili hupausha rangi. Dirisha la magharibi ndilo baya zaidi, kwa kuwa saa kumi jioni jua limeshashuka na linaingia hadi katikati ya sebule. Pazia zito hapo lina thamani kuliko nusu ya ahadi za dukani.

Dai linalofuata linaheshimika zaidi kwa sababu linasikika la kitaalamu. Kitambaa kizito ndicho imara, na cha Kituruki ndicho kizito. Ligaweni vipande viwili. Uzito unaweza kutokana na nyuzi nyingi zilizofumwa kwa kubana, na hapo wana haki. Unaweza pia kutokana na nyuzi nene zilizofumwa kwa kulegea, au gundi iliyopakwa nyuma ili kitambaa kisimame kikishikwa dukani. Mizani haitofautishi vitu hivyo vitatu. Kinachotofautisha ni kipimo cha msuguano kiitwacho Martindale, kilichowekwa katika viwango vya kimataifa vya ISO 12947, ambapo kipande cha kitambaa husuguliwa na kitambaa cha sufu kwenye mashine mpaka nyuzi zikatike. Kwa nyumba yenye watoto watu hutafuta kuanzia misuguano 25,000 au 30,000. Nchi ya kutoka haikuambii namba hiyo, kwa kuwa Uturuki ina viwanda vya kila daraja, na roli mbili kutoka nchi hiyohiyo zinaweza kutofautiana kabisa.

Lakini msikubali pia kuzibwa mdomo kwa namba. Muuzaji anayekutajia misuguano 100,000 anakupa jibu sahihi la swali dogo. Mashine hiyo husugua kwa sufu safi. Haina kucha, haina jua, na haina vumbi la Dodoma. Vumbi letu lina punje za mchanga ambazo ni ngumu kuliko uzi wowote wa nguo. Zikizama kati ya nyuzi na mtu akikaa na kujigeuza, zinakata uzi kwa chini. Fundi akivua kitambaa cha zamani utaona vumbi jekundu laini limejipanga kwenye pindo la mshono, na nyuzi zilizokatika zinafuata mstari huo. Kwa hiyo katika mji huu kukung'uta sofa nje au kuipitishia mashine ya kufyonza vumbi kila wiki ni sehemu ya uimara wa kitambaa, na kitambaa chenye uso laini usio na mashimo kina faida juu ya kile chenye mikunjo na matuta, hata kama namba zao zinalingana.

Haya unaweza kuyapima mwenyewe dukani bila mashine. Kiinue kitambaa kwenye mwanga: ukiona nyota nyingi za mwanga, mfumo umelegea. Kivute kwa mshazari kisha ukiachie: kisiporudi, kitalegea kwenye kalio. Pitisha ukucha kwa nguvu kwenda na kurudi: uzi ukinyanyuka, paka atafanya hivyo kwa urahisi zaidi. Omba uzi mmoja kutoka kwenye ukingo, uuchome nje ya duka: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Unajua sasa kama ulichoambiwa ni pamba ni pamba kweli.

Velveti wameihukumu bila kuisikiliza. Hoja yao ni kwamba velveti ni ya sebule za maonyesho, inashika kila kitu, na paka ataimaliza. Kwa velveti ya pamba au ya viskosi wana haki: ikilowa, manyoya yake hulala na kuacha alama. Velveti ya poliesta iliyobana, yenye manyoya mafupi, ni kitu kingine. Uso wake hauna vitanzi. Paka anapochagua pa kukwaruza hutafuta mahali ukucha utanasa na kuvuta, na nyuzi zilizokatwa wima hazimpi hilo. Manyoya aliyoyaacha hutoka kwa kiganja kilicholoweshwa kidogo. Kinachompa paka karamu ni vile vitambaa vya vitanzi na vya uzi wenye manyoya marefu ambavyo maduka hayohayo yanavisifu kwa kuwa ni vizito na ni vya Kituruki. Kwa hiyo wanakukataza kitambaa kinachomchosha paka na kukuuzia kinachomvutia. Sidai kwamba velveti ndiyo bora kwa kila nyumba hapa, kwa kuwa vumbi hutua ndani ya manyoya yake na lazima lipigwe brashi. Nadai kwamba sababu waliyoitoa kuikataa si ya kweli.

Makava ya kuvua ndiyo ushauri wao bora, na ningeukubali wote kama wasingesema kwamba unamaliza tatizo. Haumalizi kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwenye sofa nyingi kinachovuka ni kava la mto wa kalio na wa mgongo. Mikono na ukingo wa mbele vimepigwa pini kwenye mbao, na hapo ndipo watoto wanapofutia vidole na paka anapokwaruza. Ya pili, kava hulinda macho tu kama sponji iko wazi chini yake. Mwambie fundi avike sponji ganda la ndani la kitambaa kisichopitisha maji, mshono wake ukae upande wa chini, ndipo avalishe kava juu. Bila ganda hilo utafua kava mara ishirini na harufu itabaki palepale.

Na kufua kwenyewe kuna gharama ambayo washauri wa pwani hawaihesabu. Maji ya visima vyetu yana chumvichumvi. Sabuni haitoki vizuri, mabaki yake hukaa kwenye nyuzi, kitambaa hukakamaa, na mabaki hayo hunasa vumbi jipya haraka zaidi. Suuza ya mwisho kwa maji ya mvua kama umeyakinga, au maji yenye siki kidogo, hupunguza tatizo. Kitambaa chenye pamba kifuliwe na kukaushwa kabla fundi hajakikata, la sivyo kava litakalotoka kwenye kamba baada ya kufuliwa mara ya kwanza halitaingia tena kwenye mto. Nunua ziada kwa ajili ya kusinyaa huko.

Kuhusu dawa ya kupulizia, wanasema inazuia doa lisiingie. Inazuia, kwa muda, mpaka misuguano na maji vitakapoiondoa, na hakuna eneo linalosuguliwa kuliko pale mtoto anapokaa. Nyingi za dawa za aina hiyo zimetegemea kemikali za kundi la PFAS, ambazo haziozi kwa urahisi katika mazingira wala mwilini. Mkataba wa kimataifa wa Stockholm uliweka mbili kati ya hizo, PFOS mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019, kwenye orodha yake ya kemikali za kudhibitiwa kwa sababu hiyo. Kopo lisiloeleza lina nini ndani sitaki lipuliziwe kwenye mto ambao mtoto wa miezi tisa anautafuna akiota meno. Hili nalisema bila kupunguza makali yake.

Wale wanaosema jiki itamaliza mkojo wa paka wanatoa ushauri wa hatari. Jiki ikikutana na amonia iliyomo kwenye mkojo hutoa hewa ya sumu, na sebule iliyofungwa madirisha kuzuia vumbi ni mahali pabaya pa kuijaribu. Rangi nayo itatoka kwenye vitambaa vingi. Nyonya mkojo kwa taulo kavu mara tu unapouona, mimina maji baridi kidogo, nyonya tena. Maziwa na mayai nayo yaondolewe kwa maji baridi, kwani ya moto huyagandisha kwenye uzi.

Limebaki dai la mwisho, la kumtoa paka. Anayelitoa anafikiri sofa isiyo na paka ni sofa salama. Nyumba nyingi hapa huhifadhi mahindi, mtama au karanga, na palipo na nafaka pana panya. Panya huingia sofa kwa chini, kupitia kile kitambaa chepesi kilichopigwa pini kufunika springi, na kutengeneza kiota ndani ya sponji. Paka anaharibu uso wa mkono mmoja. Panya anakata sponji na mipira ya kalio kutoka ndani, nawe unajua siku unapozama. Paka hukwaruza ili kunyoosha mwili, kutunza kucha na kuacha harufu yake, na hataacha kwa kupigwa. Mpe mahali pake: kipande cha nguzo kirefu cha kumtosha akisimama wima, kisichoyumba, kilichozungushiwa kamba ya mkonge, kikae kando ya mkono uleule anaoushambulia. Ukikiweka stoo umepoteza kamba. Mkonge umelimwa nchi hii tangu ulipoletwa mwaka 1893, na kamba yake si ghali.

Watakuwa wamebakiwa na jibu moja, la bei: leza ni nafuu kwa mita. Ni nafuu kwa mita. Lakini kuvisha sofa upya hulipiwi kitambaa peke yake. Unalipa ufundi wa kufumua na kushona, pini, uzi, usafiri wa kwenda na kurudi, na mara nyingi sponji mpya kwa kuwa ile ya zamani imenuka. Gharama hizo hazipungui kwa sababu kitambaa kilikuwa rahisi, na kila leza inapobanduka unazilipa zote tena. Anayetaka kutetea unafuu wake alete hesabu yenye mistari hiyo yote pamoja na miaka ambayo sofa ilikaa. Kwa upande wangu, kabla ya kulipa mita hata moja, ningeomba vipande vya leza na vya vitambaa viwili vitatu, nivibandike kwenye kioo cha dirisha la magharibi nusu ikiwa imefunikwa kwa kadibodi, niviache hapo kuanzia Agosti hadi mwisho wa Oktoba, kisha nifunue, nilinganishe nusu mbili, nivikunje kwa vidole na kuvipitishia ukucha.